Maduara Saba ya Hina

Mama alitaka maua makubwa yafunike vile vinundu vyekundu miguuni mwa Zuwena kabla ya siku ya harusi. Bi Mwanapili, mchora hina, alishika muundi wa bi harusi, akahisi moto.

"Vinauma, mwanangu?"

"Vinauma, bibi. Na homa hainiachi."

Bibi hakuchora hata ua moja. Alizungushia kila kinundu duara la hina, yakawa saba. "Nenda nayo kwa daktari. Asije akasema hakuviona."

"Umeniharibia mwari!" mama akafoka.

Asubuhi Zuwena akaenda. Daktari aliinama, akayatazama maduara kwa muda mrefu.

"Ngozi haina kosa," alisema. "Vinundu hivi ni askari wa mwili wako, wamejaa hapa na kuwasha moto, na adui huenda yuko kifuani. Twende tukapige picha. Nani kachora?"

"Bibi yetu wa hina."

"Mpe salamu zangu. Mwambie nimemvulia kofia."

Wiki ya tatu ya dawa za kifua kikuu, harusi ikiwa imesogezwa mbele, Zuwena alinyoosha miguu mbele ya Bi Mwanapili. Vinundu vilikuwa vimenywea. Maduara yamefifia, matupu. Bibi akakoroga hina.

"Haya, mwanangu. Tuanze kuchora ua kwenye duara lipi?"