Mwepesi Kama Unyoya

Kidole gumba cha mnyoosha mgongo kilisimama chini ya mbavu zangu za kushoto, nikang'ata taulo.

"Hapa, mzee. Unabeba nini kila siku?"

"Sibebi kitu. Upagazi niliuacha zamani."

"Mgongo wako unakataa. Ukiendelea kukibeba hicho kitu, kitakulaza kitandani."

Mke wangu alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Ananibeba mimi," akasema. "Kila asubuhi, mpaka bafuni. Ananidanganya eti mimi mwepesi kama unyoya."

"Ni mwepesi kweli," nikasema, uso wangu ukiwa ndani ya tundu la kitanda cha kukandia.

"Hebu nyamaza, mzee wangu."

Akasogeza kiti mpaka ubavuni kwangu, akanishika kisogo, kisha akamgeukia mnyoosha mgongo.

"Mwanangu, usimkataze. Nifundishe mimi kubebwa."