Hodi kwenye Ini

Mwezi wa Ramadhani, Bi Somoe aliacha kujichoma insulini. Asiyekula mchana kutwa sukari ataipata wapi? Lakini siku moja adhuhuri alijihisi mgonjwa, akaenda zahanati, na kipimo cha nesi Mwatima kikaonyesha sukari imepanda vibaya.

"Tangu daku sijatia kitu kinywani, mwanangu. Imetoka wapi?"

"Kwenye ini lako, bibi. Usipokula, linapika sukari lenyewe."

"Na hii dawa inaingia huko kulizuia?"

"Haiingii hata ndani ya seli. Inapiga hodi mlangoni tu. Waliomo ndani wanapokezana ujumbe mpaka kwenye jeni. Zile zinazoamuru kupika zinanyamaza, nyingine zinaamka kuweka sukari akiba."

Bi Somoe akainua kichupa cha insulini dirishani. Ndani mlikuwa na kitu kama maji matupu.

"Subhanallah! Kina adabu kushinda wakwe zangu, na nyumba nzima inakitii."

Akafungua saumu palepale kwa maji, ijapokuwa magharibi bado, akajichoma. Kisha akaweka kiganja ubavuni, upande wa kulia penye ini, akatulia kama mgeni aliyesimama kizingitini akisubiri kuitikiwa.