Miiba ya Mhariri

Nungunungu alikuwa mhariri wa jarida la kanisa la wanyama tangu kanisa lenyewe likiwa la makuti. Siku hizi lina mabati, na joto lake si mchezo. Kila mwezi aling'oa mwiba mmoja mgongoni mwake, akaandika nao kwenye karatasi ya nta, kisha akachapa nakala za waumini wote kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono.

Mwezi huu alibakiwa na mwiba mmoja tu, tena butu. Haukutoboa nta, wino haukupita, na nakala zote zikatoka nyeupe. Hakuwa na nguvu ya kuanza upya. Jumapili akazigawa hivyo hivyo mlangoni, akingoja ibada iishe aombe radhi.

Ibada ilipoisha, Mbuni, mzee wa kanisa, alimwahi. "Mhariri, safari hii umetisha! Nimelisoma lote."

"Mimi ukurasa wa pili umenigusa sana," akasema Kiboko, huku akijipepea nalo. "Ubarikiwe, mtumishi."

Nungunungu akawatazama. Ile radhi akaimeza.

"Basi hilo ndilo la mwisho," akasema. "Nimechoka, ndugu zangu."

Kanisa zima likalalamika. Mbuni akatokwa na machozi.

"Sasa Jumapili ijayo tutajipepea na nini?" akauliza Kiboko.

Nungunungu akayafungua madirisha, ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafungua tangu mabati yaezekwe, akaenda zake nyumbani kusubiri miiba iote.