Mstari wa Shahidi

Kabla ya kuingia na askari wake, Inspekta Rehani alivua kofia akamwamkia Profesa Kisamo shikamoo, kama zamani darasani. Duka la sonara lilikuwa limevunjwa, na hati ya upekuzi ilitaja chumba cha Lameck, mwanawe Profesa. Lameck alikuwa amekalia sanduku lake, amelibana kwa miguu. Baba mtu hakuhitaji kuuliza lina nini.

"Soma kwanza, Mwalimu, utie saini, ndipo tufungue."

Profesa alivaa miwani. Hati ilijazwa vizuri, ila mstari wa shahidi ulikuwa mtupu. Hakuna jirani aliyeitwa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akigonga ubao na kuwaambia wanafunzi kwamba upekuzi usio na shahidi ni uvamizi tu. Kesi ingefika mahakamani, wakili angeonyesha mstari ule, na Lameck angerudi nyumbani.

"Rehani, umesahau shahidi."

"Sijasahau." Inspekta alikuwa akitazama sakafu. "Kwa swali hilohilo ulinipa sifuri, nikarudia mwaka. Nitasahauje?"

"Baba," Lameck alisema taratibu, "saini tu."

Profesa aliikunja hati, akaikunjua, akatoka nayo hadi nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa ua wa michongoma, Mama Tunu alikuwa akipepeta mchele.

"Jirani!" aliita, kisha akaitazama tena hati.

Mama Tunu alisimamisha ungo, akasubiri kusikia anaitiwa nini.