Gari la Mkanda pale Luano

Kishindo kilitoka chini ya viti, mara moja tu, kama mtu amepiga sufuria kubwa kwa nyundo. Ndege ilikuwa bado imesimama kwenye uwanja wa Luano. Watu wakashikana mikono.

Abigaïl peke yake hakushituka. Miaka sita, midomo ya bluu, alikuwa amebandika uso kwenye dirisha, anacheka. Mama yake, Christiane, akainama juu yake, akaangalia chini. Kisha akarudi kukaa.

Mhudumu akatangaza. Gari la mkanda, lile linalopandisha mizigo, limegonga tumbo la ndege na kulitoboa. Hakuna aliyeumia. Lakini ndege haitaruka leo, na nyingine ya kwenda Kinshasa ni keshokutwa.

"Keshokutwa," Christiane alisema polepole, kama anayejifunza neno jipya.

Madaktari wa moyo walikuja Kinshasa kwa wiki moja tu. Walikuwa wanamngoja Abigaïl kesho, saa moja ya asubuhi. Siku yao ya mwisho. Walishasema kwa simu: moyo wa mtoto huyu hautangoja mpaka warudi tena mwaka ujao.

Jirani wa kiti wa Christiane, Jean-Claude, fundi wa mitambo wa Ruashi, alikuwa amesikia habari hiyo tangu walipokaa.

"Na baba yake iko wapi?"

"Iko ku kazi. Hawakumupa ruhusa ya kutusindikiza."

"Na ule shofere alikunywa! Asubuhi yote hii! Miye nitamuonyesha."

"Yaya, kaka yangu, tafazali. Muachie tu."

"Weye uko na roho muzuri, dada. Miye hapana."

Wakateremka. Dereva alikuwa amekaa chini kwenye lami, kando ya gurudumu, kichwa kati ya magoti. Mkubwa wake wa kazi, Dieumerci, alikuwa amesimama juu yake.

"Kabwe! Miaka kumi na mbili haujakwaruza hata kitu! Ulikuwa unaangalia fasi gani?"

Kabwe akashika kichwa kwa mikono.

Abiria wakamzunguka.

"Mulevi!"

"Mumufunge ku gereza!"

"Mutoto wangu anaolewa kesho," mama mmoja mnene akasema. "Bwana harusi alikuwa ndani ya ndege hii. Weye ndjo utavaa kositimu yake ya harusi?"

Wengine wakacheka, wakaacha haraka.

Christiane alijaribu kupita mbele, lakini begi lilikuwa zito, na watu walikuwa wamebanana. Jean-Claude alikuwa mwepesi kuliko yeye. Akamtoa Abigaïl mkononi mwa mama yake, akamwinua juu ya vichwa, akamfikisha mpaka mbele ya dereva.

"Yaya, hapana!" Christiane akalia kutoka nyuma.

Jean-Claude hakusikia tena.

"Inua kichwa! Muangalie huyu mutoto! Munganga wa moyo anamungoja kesho, na hatafika. Akikufa, ni weye ndjo umemuua. Muangalie, nasema!"

Watu wote wakageuka kumtazama mtoto. Hata Dieumerci.

Kabwe akainua kichwa.

Abigaïl akamnyooshea mikono, uso wote unacheka. "Baba, nilikuona ku dirisha! Ulikuwa unanipungia na mikono yote mbili."