Mtu Mmoja wa Zamda

Siku hizi mwanamke akipata mimba asiyoitarajia, anamtaja mtu mmoja tu wa kushauriana naye. Sisi wengine tukiligusa jambo hilo, kifaa kilichomo sikioni mwake kinazifuta sauti zetu. Mjukuu wangu Zamda nimemlea tangu akinyonya chupa, lakini alimtaja Siwazuri, mke mwenzangu.

Asubuhi nzima walijifungia chumbani. Nikawasikia wakicheka. Nilikuwa napika vitumbua huku roho ikiniuma: mume tuligawana, sasa na mjukuu?

Siwazuri alipotoka kunywa maji, Zamda akichungulia mlangoni, nikamvaa. "Unamjaza nini mtoto wangu?"

"Simjazi kitu, Bi mkubwa. Ananiuliza niliamuaje nilipoitoa ile yangu."

"Ipi?"

"Miaka thelathini tuko nyumba moja. Hukuniuliza hata siku niliyolala chini nikitetemeka."

Vitumbua vilikuwa vinaungua. Akainama akanipunguzia moto, kisha akarudi ndani.

Mchana Zamda alikuja kula. Nikakaa karibu naye, nikamwambia, "Zaa au usizae, wewe ni wangu."

Akaitazama midomo yangu. "Sikusikii, Bibi."

Nikarudia polepole, kwa sauti. Macho yakamjaa machozi. Alijua nasema habari gani, ila hakujua nasema nini, na uso wangu wa asubuhi alikuwa ameuona.

"Kula, mama," nikasema.

Hilo alilisikia. Akashika kitumbua, lakini hakukila.