Kilomita Elfu Sita na Mia Tano

Mwalimu Perez aliweka rula juu ya atlasi, akapima kutoka London hadi Entebbe, kisha akapiga hesabu pembeni mwa gazeti.

"Kilomita elfu sita na mia tano. Ndege ni masaa nane hivi. Halafu nusu siku kwa gari mpaka hapa Malaba."

"Akipanda leo jioni?" Apolot aliuliza.

"Kesho mchana yuko hapa, dada."

Ilikuwa Jumanne. Sheilah, mwenye miaka mitatu, alikuwa amekufa kwa malaria jana yake alfajiri, na kwa kina Emuron, mume wa Apolot waliyekuwa wakimngoja kutoka London, baba ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Bila hivyo mtoto anaenda kama asiye na mwenyewe. Apolot aliapa kwamba wake hataenda hivyo.

Tiketi ya Emuron ilichangwa na kijiji kizima. Miezi mitano iliyopita walimsindikiza kwa nyimbo hadi mpakani, akapande ndege Entebbe, na wasio na haya wakamwagiza makoti. Tangu hapo alipiga simu kila Jumamosi dukani kwa Okwara. Namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Kwa hiyo simu ilipolia Jumanne hiyo, Apolot alimshukuru Mungu.

"Ni masaa nane tu, baba Sheilah. Mwalimu amepima."

Emuron alikuwa akilia. "Ndege zimejaa. Huku ni mbali, Apolot. Mbali sana."

"Tutakungoja."

"Msimchimbie kaburi kule chini. Mto umejaa."

Simu ikakatika. Apolot alibaki ameushika mkono wa simu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akamchukia mumewe.

Walingoja mpaka Alhamisi. Mwili haukuweza kungoja zaidi. Baba mkwe, Mzee Oluka, aliinama achote udongo kwa niaba ya mwanawe, lakini Apolot akamshika mkono.

"Hapana, mzee. Baba yake yuko hai. Nafasi yake ibaki wazi."

Wakafukia hivyo hivyo, watu wakinong'ona.

Ijumaa Adeke, mama muuza ndizi kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, alivuka kuja kutoa pole. Alitoa kifurushi cha gazeti kwenye kikapu.

"Mama, kuna kijana analala godauni kwetu. Ni miezi mitano sasa. Wakala alikula pesa yake ya safari, na kurudi kwao anaona haya. Jina hataji, mchana hatoki. Lakini siku zote za matanga yenu alikaa pale mtoni, ndani ya matete, akiitikia nyimbo zenu. Amesema nikupe hiki mkononi."

Apolot alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na konzi moja ya udongo, bado mbichi.